Mbu akigusa chandarua hafi kwa kulegea, anakufa kwa kufyatuka: uzi wa umeme wa neva

#1 Mwanamaabara

Wakuu, salaam.

Kila siku humu jukwaani nasoma "neva zimelegea", "neva zimekufa", "ubongo umepiga shoti", mtu anashauriwa anywe mlonge, uzi unaisha. Leo tuingie ndani kidogo, tuone umeme wa neva unavyoendesha mwili na tabia. Naanza na mdudu ninayeshinda naye kazini, mbu, maana yeye analionyesha jambo hili waziwazi kuliko binadamu.

Kipimo cha chandarua maabara kiko hivi: unabandika koni ya plastiki juu ya kipande cha neti, unapuliza ndani mbu jike 5 wa umri wa siku 2 hadi 5 ambao hawajanyonya damu, unawaacha dakika 3 tu, unawatoa. Ikifika dakika 60 unahesabu walioanguka. Ikifika saa 24 unahesabu waliokufa. Wengi wanakimbilia namba. Mimi nawaambia vijana waangalie miguu. Mbu aliyeguswa na dawa haanzi kwa kusinzia, anaanza kwa kuhangaika. Anainua mguu mmoja, anaushusha, anainua mwingine, anaruka anajigonga ukutani mwa kikombe, kisha anaanguka chali, na mabawa yanaendelea kupiga hata pale miguu ilipokwisha kushindwa kumbeba. Ukimtazama haraka utadhani ana nguvu kuliko wenzake. Na ni kweli, wakati huo neva zake zinafanya kazi kuliko kawaida. Hicho ndicho kinachomuua.

Sasa umeme wenyewe. Seli ya neva iliyotulia, ndani yake ni hasi ukilinganisha na nje, kama milivolti 70. Tofauti hiyo haiji bure. Kuna pampu kwenye utando wa seli inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, mchana na usiku, na sehemu kubwa ya chakula kinachokwenda kwenye ubongo inaishia kulipia kazi hiyo. Kwa hiyo neva iliyotulia haijalala, imetegwa. Ichukulie kama mtego wa panya. Ukiugusa kidogo haufyatuki. Ukifikia kiasi chake unafyatuka wote, hakuna kufyatuka nusu. Na ukishafyatuka, hautafyatuka tena mpaka utegwe upya.

Kinachofyatuka ni chaneli za sodiamu, vitundu vya protini kwenye utando vinavyosikia volti. Volti ikipanda kufikia kizingiti, vinafunguka kwa kasi ya chini ya milisekunde moja, sodiamu inamwagika ndani, na eneo la jirani nalo linafika kizingiti, hivyo msukumo unasafiri. Halafu, na hapa ndipo pa kuangalia, kila chaneli ina kizibo chake. Inajiziba yenyewe ndani ya milisekunde 1 au 2, hata kama volti bado iko juu. Potasiamu inatoka nje, seli inarudi hasi, kizibo kinatoka, mtego umetegwa tena.

Haya tunayajua kwa sababu ya ngisi. Ngisi ana neva nene inayoweza kufika karibu milimita 1, inayomfyatua atoroke adui. Wanasayansi Waingereza, Hodgkin na Huxley, waliingiza waya ndani yake huko Plymouth, Uingereza, mwaka 1939, vita ikawakatisha, wakarudi, na mwaka 1952 wakatoa hesabu kamili ya sodiamu na potasiamu. Huxley alizipiga hesabu hizo kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Nobeli wakapata 1963.

Turudi kwa mbu. Dawa ya kwenye neti, pairethroidi, ni mtoto wa pareto, lile ua jeupe la Mufindi, Mbeya, Nakuru na Nyandarua. Pareto ya asili inaharibiwa haraka na jua. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, wakatengeneza permethrin, pairethroidi inayovumilia jua, ndiyo maana leo inaweza kukaa kwenye nyuzi za neti. Kazi yake ni moja: inaikamata chaneli ya sodiamu ikiwa wazi na kuizuia isijizibe. Sodiamu inaendelea kuchuruzika, neva iliyopaswa kutoa msukumo mmoja inatoa mkururo. Mguu unaambiwa inuka, inuka, inuka. Mwisho volti inakwama juu, chaneli zilizobaki zinaziba na haziwezi kutegwa upya, na hapo mbu anatulia kabisa.

Kwa hiyo kutulia kwake mwishoni si kwa sababu umeme ulipungua. Ulizidi mpaka ukakosa pa kurudi. Mtu akiniambia "neva zimelegea" huwa namuuliza: zimelegea kwa kukosa kufyatuka, au kwa kushindwa kutegwa upya? Kwa nje yote mawili ni kitu kimoja, mtu hajongei. Kwa ndani ni vinyume, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya jingine.

Karibuni.

#2 Kichwa Ngumu

Kumbe mbu wangu wanacheza singeli kabla ya kufa na mimi nilikuwa nawahurumia. Nimekaa pale, endelea mkuu.

#3 Shombo la Pwani

Mwanamaabara, hapo kwenye vinyume umenikumbusha samaki bunju. Sisi tuliokulia kwenye ngalawa tunamjua, akinaswa anajijaza kama mpira, wavuvi wengi wanamtupa, ila kila baada ya muda utasikia familia fulani imemla. Niliwahi kumuona mtu aliyekula. Alianza kusema midomo inakufa ganzi, akawa anaigusagusa kwa kidole. Baadaye ulimi, vidole, halafu miguu ikakataa. Hakutetemeka hata kidogo, tofauti kabisa na mbu wako. Akalala tu. Watu wakadhani amezimia, wakaanza kuzungumza mambo ya mazishi pembeni yake. Alipopona, baada ya kuwekwa kwenye mashine ya kupumulia, akawatajia nani alisema nini. Kijiji kizima kiliona haya.

Swali langu: kama hakuweza kujongea wala kupumua, masikio na akili vilikuwa vinafanyaje kazi? Na moyo je?

#4 Mwanamaabara

Shombo, shukrani, huo ni ushuhuda mzito. Sumu ya bunju, tetrodotoksini, inafanya kinyume cha pareto kwenye chaneli ileile. Inaziba mdomo wa chaneli kwa nje kama kizibo cha chupa, sodiamu haiingii, mtego haufyatuki. Hakuna kutetemeka kwa sababu hakuna hata msukumo mmoja.

Jambo linalonifurahisha ni kwamba aliyethibitisha hilo, Mjapani Toshio Narahashi na wenzake, mwaka 1964 huko Marekani kwa kutumia neva ya kambakoche, ndiye huyohuyo aliyetumia miaka mingi kuchunguza pairethroidi na DDT. Mtu mmoja, chaneli moja, sumu mbili za kinyume.

Akili inabaki kwa sababu sumu hiyo haipiti kirahisi kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Moyo unahimili kwa sababu chaneli zake za sodiamu ni za aina nyingine, zinaihitaji sumu nyingi zaidi ndipo zizibe. Kinachoua ni kiwambo, msuli wa kupumulia, ambao unaendeshwa na neva za kawaida. Hakuna dawa ya kuipinga sumu yenyewe. Mgonjwa anapumuliwa mpaka mwili uitoe. Na wadau wa pwani, kupika hakuiondoi: ipo zaidi kwenye ini, mayai na ngozi, na moto wa jikoni hauiharibu.

#5 Nyaki254

Nawasalimu kutoka Busia. Bro, theory iko sawa, lakini huku neti tunapewa mpya na mbu anatua juu yake anajipanguza miguu kama mtu anangoja matatu. Hatetemeki, haanguki. Hiyo chaneli yake imeenda wapi?

Pili, umesema tabia. Mpaka sasa nimesikia kutetemeka na kupooza. Hiyo ni movement, si tabia.

#6 Mwanamaabara

Nyaki, la kwanza: chaneli ipo, imebadilika. Protini ya chaneli ni mnyororo wa asidi amino, yaani pingili zinazojenga protini, zaidi ya 2,000. Kwenye nafasi ya 1014, mbu wa kawaida ana asidi amino iitwayo leusini. Mbu sugu wa Afrika Magharibi walikutwa na fenilalanini mahali hapo, na mwaka 2000 watafiti wakaripoti kwa mbu wa Kenya aina nyingine, serini. Kibadiliko kimoja tu, na permethrin haipati pa kushika vizuri. Watafiti wanauita usugu huo kdr (knockdown resistance), yaani usugu wa kutoangushwa na dawa. Si usugu pekee. Mbu wengi wana pia vimeng'enya vinavyoivunja dawa kabla haijafika kwenye neva, ndiyo maana siku hizi kuna neti zilizoongezwa kemikali ya kuvizuia vimeng'enya hivyo, na nyingine zenye chlorfenapyr, ambayo haigusi neva kabisa, inavuruga uzalishaji wa nishati ndani ya seli. Hiyo ya pili ilijaribiwa Misungwi, Mwanza, ikaishinda neti ya kawaida.

Jeni hiyo ya chaneli ilijulikana kwanza kwa nzi wa matunda. Mwaka 1971 David Suzuki na wenzake huko Kanada walipata nzi ambao kwenye nyuzijoto 22 wanatembea na kuruka kama wengine, ukiwapandisha hadi 29 wanaanguka wote palepale, ukiwapoza wanainuka na kuendelea na shughuli zao. Jeni wakaiita para, kutoka neno la Kiingereza paralytic, aliyepooza. Ndiyo hiyohiyo inayobadilika kwa mbu wako wa Busia.

La pili, tabia. Usitoke kwa nzi bado. Kuna wengine wenye kasoro kwenye chaneli ya potasiamu, ile inayoirudisha seli chini baada ya kufyatuka. Ukiwalaza kwa etha miguu yao inatikisika, na hilo limejulikana miaka mingi. Lakini mwaka 2005 watafiti wakaangalia kitu kingine, usingizi. Nzi wenye kasoro kwenye chaneli hiyohiyo wanalala kama theluthi moja tu ya usingizi wa wenzao. Hakuna sehemu ya ubongo iliyokatwa, hakuna adui waliyemwogopa. Seli zinachelewa kutulia, na mdudu mzima anachelewa kutulia.

#7 Mama Careen

Hamjambo wote. Mimi si msomi wa haya mambo ila nimesoma uzi wote. Mtoto wangu ana kifafa, anatumia dawa. Nesi aliniambia kifafa ni "umeme kuzidi kichwani" na dawa "inapunguza umeme". Sasa kama inapunguza umeme, mbona mtoto anacheza, anasoma, anaongea vizuri? Usingepungua wote? Na kuna jirani yangu mtoto wake alipewa dawa ileile ya wangu, degedege likazidi. Tulibishana sana, yeye akaamini mtoto amerogwa.

#8 Daktari Mstaafu

Mama Careen, pole kwa kulea, na hongera kwa kufuatilia. Nimefanya kazi kliniki ya kifafa muda mrefu, nijaribu.

Dawa kama phenytoin na carbamazepine hazizibi chaneli kama bunju. Kwa lugha ya mwenye uzi, zinachelewesha mtego kutegwa upya. Zinaishika chaneli pale ilipojiziba na kuiachia polepole. Seli inayofyatuka mara chache, kwa mpangilio, haioni tofauti kubwa, maana inapata muda wa kutosha. Seli inayofyatuka mfululizo, mamia ya mara kwa sekunde kama wakati wa degedege, inaishiwa chaneli zilizo tayari. Ndiyo maana mtoto anacheza na anasoma. Phenobarbitone inapita njia tofauti: inaziongezea nguvu breki za ubongo.

Na hapo kwenye breki ndipo lilipo jibu la jirani yako, ingawa siwezi kumpima mtoto nisiyemuona. Ubongo una seli za kuchochea na seli za kuzuia, na zote mbili zinaendeshwa na umeme uleule. Kuna kifafa adimu kinaitwa Dravet. Kinaanza mwaka wa kwanza wa maisha, mara nyingi na homa. Mwaka 2001 iligundulika kwamba watoto hao wana hitilafu kwenye jeni ya chaneli moja ya sodiamu, SCN1A, na wengi wao chaneli hiyo imepungua kazi. Watu walikuna vichwa: chaneli imepungua, umeme umepungua, degedege linatoka wapi? Baadaye panya wa maabara wakatoa jibu. Chaneli hiyo inategemewa zaidi na seli za kuzuia. Zinazoshindwa kufyatuka ni breki. Sasa mtoto wa namna hiyo ukimpa carbamazepine unazipunguza breki zilizobaki, degedege linaongezeka.

Kwa hiyo nesi hakukudanganya, alifupisha. Swali si umeme mwingi au mchache, ni seli ipi. Mwambie jirani arudi kliniki aseme wazi degedege lilianza lini, lilikuja na homa au bila homa, na lilizidi baada ya dawa gani. Maelezo hayo matatu yanamsaidia daktari kuliko kipimo chochote cha siku ya kwanza. Na wewe usiache dawa ghafla hata kama mtoto amekaa miezi bila degedege. Ubongo uliozoea dawa ukikatiwa mara moja unaweza kuleta degedege lisilokatika.

#9 Fizio wa Moro

Nimekuja kuongezea upande wa misuli, maana hapa watu wanadhani umeme wa neva ni habari ya sumu na magonjwa tu. Hata kuinua kikombe cha chai kunategemea nani kati ya neva zako ni mwepesi kufyatuka.

Msuli mmoja hauendeshwi na neva moja. Una kundi la seli za neva kwenye uti wa mgongo, ndogo na kubwa, na kila moja ina nyuzi zake za msuli. Misuli ya jicho, neva moja inashika nyuzi chache mno. Msuli wa nyuma ya mguu, neva moja inaweza kushika zaidi ya nyuzi 1,000. Elwood Henneman wa Harvard, akifanya kazi na paka miaka ya 1950 na 1960, aliona kwamba amri ikija kutoka juu seli ndogo zinafyatuka kwanza, kubwa zinafuata amri ikizidi. Hakuna anayezipanga. Ni hesabu ya umeme ya darasani: seli ndogo ina upinzani mkubwa, kwa hiyo mkondo uleule unaipandishia volti zaidi, inafika kizingiti mapema. Seli hizo ndogo ndizo zenye nyuzi chache za msuli zisizochoka haraka.

Angalia matokeo yake. Ukishika yai, unatumia zile ndogo, nguvu inaongezeka kwa vipande vidogo sana, yai halivunjiki. Ukibeba dumu la lita 20, zinaingia kubwa, kila moja inaongeza nguvu kwa pande kubwa, mkono unatikisika. Kijana akianza chuma leo, wiki za kwanza anaongeza kilo haraka na mkono haujanenepa. Sehemu kubwa ya faida hiyo ni neva, anajifunza kuziita zile kubwa na kuzifyatua kwa kasi zaidi.

Kwa wagonjwa wangu wa ajali za pikipiki walioumia uti wa mgongo hili linaonekana kwa sura nyingine. Wiki za mwanzo miguu inakuwa legevu kabisa, ukiinua unaachia inadondoka. Ndugu wanakata tamaa. Wiki kadhaa baadaye miguu inaanza kukaza, ukigusa nyayo goti linajikunja lenyewe. Ndugu wanashangilia wakidhani amepona. Kinachotokea ni hiki: seli za neva chini ya jeraha zilizoea kuongezewa wepesi na serotonini, kemikali ya ujumbe ya neva, inayoshuka kutoka shina la ubongo. Ilipokatika, zikazama. Kwa muda zinajirekebisha, zinajifungulia mikondo yao ya ndani ya sodiamu na kalsiamu, na sasa mguso mdogo unazifyatua na haziachi. Wepesi umerudi, amri kutoka juu haijarudi. Kuwaeleza hilo ndugu waliokwisha kumpigia simu shangazi na habari njema ni kazi ngumu kuliko kumnyoosha mgonjwa.

#10 Ustadh Mgeni

Assalaam alaykum. Naomba kuuliza kwa heshima. Mimi huitwa kusoma dua shuleni wasichana wanapoanguka. Kuna jambo nimeliona mara nyingi: binti anahema haraka sana, kisha anasema mdomo unawaka na vidole vinachomachoma, halafu mikono inakakamaa kwa namna moja, vidole vimenyooka vimebanana, gumba limeingia ndani, kifundo kimekunjika. Wote namna moja. Nikisoma polepole na kumwambia apumue nami, baada ya dakika chache inaachia. Hii nayo ni neva?

#11 Daktari Mstaafu

Wa alaykum salaam Ustadh. Umeieleza vizuri kuliko vitabu vingine. Ndiyo, mkono ule ni neva.

Anapohema haraka anaitoa hewa ya kaboni kupita kiasi. Damu inapoteza asidi kidogo. Katika hali hiyo protini za damu zinakamata kalsiamu zaidi, na ile inayobaki huru inapungua. Kalsiamu huru iliyo nje ya neva ina kazi ya kuituliza chaneli ya sodiamu. Ikipungua, kizingiti kinashuka, na neva zinafyatuka bila kuamriwa. Za hisia zinaanza, ndiyo kuchomachoma kwa midomo na vidole. Zikifuata za misuli, mkono unajikunja. Kila mtu anakunjika namna ileile kwa sababu misuli inayoshinda pale ni ileile kwa kila binadamu, Mwislamu, Mkristo, au asiyeamini.

Kupumua nawe polepole kunarudisha kaboni, kalsiamu inaachiwa, mkono unafunguka. Kwa hiyo unachofanya kinasaidia kweli, hata mtu akikueleza sababu tofauti. Kwa nini binti alianza kuhema vile, hapo kuna hofu, mitihani, njaa, msiba, na mambo yenu ambayo mimi siingilii. Ila mkono usikutishe. Ombi moja tu: wasimfunike pua na mdomo kwa mfuko, kuna siku atakuwa na pumu. Na asiyeachia baada ya kutulia, au aliyepoteza fahamu na kujiuma ulimi, huyo apelekwe hospitali.

#12 Kichwa Ngumu

Naomba kurudi kwenye utani ila hili ni kweli. Paka wetu alipakwa unga wa viroboto wa mbwa. Usiku mzima alitetemeka masikio na miguu kama mbu wa Mwanamaabara. Mbwa aliyepakwa unga uleule alikuwa anakula mifupa. Kwa nini?

#13 Mwanamaabara

Dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrin. Binadamu na mbwa wana bahati tatu: chaneli zao haziikamati dawa hii kwa nguvu kama za wadudu, miili yao ni ya joto na pairethroidi inashika zaidi kwenye ubaridi, na ini lao linaivunja upesi. Paka ini lake lina upungufu kwenye njia moja ya kuvunja kemikali za namna hii, dawa inakaa mwilini muda mrefu. Kwa paka inaua. Soma lebo, mkuu, au muulize mtu wa mifugo.

Waliowahi kuchovya neti kwenye beseni bila glovu watakumbuka uso kuchomachoma walipojifuta jasho. Ni chaneli zilezile, za kwenye ngozi.

#14 Shombo la Pwani

Swali la mwisho kabla sijaenda kutega. Bunju mwenyewe mbona haimdhuru?

#15 Mwanamaabara

Kwa sababu alifanya kama mbu wa Nyaki. Chaneli zake za sodiamu zina asidi amino zilizobadilika mdomoni mwa tundu, sumu haishiki. Sumu yenyewe inaaminika kutengenezwa na bakteria, yeye anaikusanya.

Lakini kubadilisha chaneli kuna gharama, na mfano mzuri uko magharibi mwa Marekani. Kule kuna salamanda, mnyama wa jamii ya vyura mwenye umbo la mjusi, aitwaye Taricha, mwenye sumu ileile ya bunju kwenye ngozi, na kuna nyoka mdogo anayemla. Edmund Brodie baba na Edmund Brodie mwana wamewafuatilia miaka mingi kwa njia ambayo fundi yeyote angeielewa: wanampima nyoka mwendo kwenye njia ya mbio, wanampa kiasi cha sumu, wanampima mwendo tena. Nyoka wa bonde moja anapungua mwendo kwa dozi ambayo wa bonde jingine haisikii kabisa. Na walipolinganisha mwendo wa kabla ya sumu, waligundua kwamba wale sugu zaidi ni wazito zaidi kutambaa. Chaneli iliyojikinga na sumu haifyatuki kwa ubora uleule.

Kuna na tabia ndani yake. Nyoka akimshika salamanda mwenye sumu nyingi kuliko uwezo wake, anamshikilia kinywani kwa muda, kisha anamtema akiwa hai na kuondoka. Akimuweza, anammeza.

#16 Nyaki254

Sasa wewe uko na koni, neti na saa. Mbu wa Busia nikuletee wangapi tuwapime mbio?

#17 Mwanamaabara

Majike, wasiwe wamenyonya, siku 2 hadi 5. Na uwalete kwenye kikombe chenye neti isiyo na dawa.